Ugali unageukaje mafuta kwenye ini, na je, vidonge vya kanitini vinasaidia?

*"Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Jiografia. Nina miaka 44, kilo 91, urefu sentimita 170. Mwezi uliopita nilipigwa altrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo, nikaambiwa nyongo iko salama ila ini lina mafuta. Vipimo vya damu: sukari kabla ya kula 6.4, trigliseraidi 3.1, vimeng'enya vya ini ALT 58 na AST 41, chembe sahani 240. Hepatitisi B na C sina. Pombe sijawahi kuonja. Kinachonishangaza ni kwamba mafuta sili. Chipsi nimeacha mwaka wa tatu huu, nyama naitoa mafuta, mboga nyumbani zinaungwa kwa kijiko kimoja. Chakula changu ni ugali mchana na wali usiku, chai ya rangi vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, na soda moja baada ya vipindi. Sasa mafuta yametoka wapi? Jirani yangu anayeuza virutubisho anasema ugali hauwezi kugeuka mafuta. Tatizo ni milango ya mitokondria zangu imefungwa na vidonge vya kanitini vitaifungua. Chupa moja ni shilingi 85,000. Anasema pia niache atorvastatini, dawa ya kolesteroli niliyoandikiwa, kwa kuwa inaharibu ini. Na jambo la mwisho: nikifunga Ramadhani mdomo unanuka, wengine wanasema ni mafuta yanageuka sukari. Naomba unieleze kwa kina, usinifiche kitu."*

Waaleikum salaam, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakushukuru kwa kuandika namba za vipimo, maana tutazihitaji huko mbele. Mimi nafundisha baiokemia kwa wanafunzi wa udaktari. Wodini siingii kutibu. Kwa hiyo nitakueleza mwili unavyofanya mambo yake, na palipo na kazi ya daktari wa kukugusa tumbo nitakuambia nenda.

Naona unajisikia kama mtu aliyelipa deni akadaiwa tena. Uliambiwa mafuta ni mabaya, ukayaacha, halafu mashine ikayaonyesha ndani ya ini. Jibu fupi ni kwamba wanga na sukari hugeuka mafuta, na kiwanda kikubwa cha kazi hiyo ni ini lenyewe. Jirani yako hajakudanganya kila kitu. Mlango anaousema upo, na kanitini kweli inafanya kazi pale mlangoni. Ila amekosea kuhusu nani ameufunga, na kosa hilo ndilo linaloweza kukugharimu 85,000.

Tuanze na ugali ukiwa tumboni. Wanga wake unavunjwa hadi kuwa glukosi, sukari yenye kaboni sita. Ndani ya seli glukosi inakatwa katikati, zinapatikana pairuveti mbili, kila moja ina kaboni tatu. Pairuveti inaingia kwenye mitokondria, vile vyumba vidogo ulivyovichora kidato cha pili kwa umbo la maharage. Humo ndani kimeng'enya kimoja kikubwa kinaikata kaboni moja, ambayo utaipumua nje kama kabonidioksidi, na mbili zilizobaki zinapachikwa kwenye mbebaji anayeitwa koenzaimu A. Kinachopatikana ndiyo asetili-KoA.

Jina hilo lisikutishe. Ni vipande viwili vya kaboni vimebebwa mgongoni mwa molekuli kubwa, basi. Fritz Lipmann ndiye aliyegundua koenzaimu A huko Marekani, na mwaka 1951 Feodor Lynen wa Ujerumani akaonyesha kwamba "asetati hai" iliyokuwa ikitafutwa na kila mtu ni kitu kilekile kikiwa kimempanda mbebaji huyo. Wote wawili walipata Nobeli, kwa miaka tofauti. Umuhimu wake ni kwamba karibu kila chakula hupita hapo. Mafuta nayo hukatwakatwa kaboni mbili mbili: asidi ya mafuta yenye kaboni 16 inatoa asetili-KoA nane. Sehemu ya protini huishia hapo. Hata pombe, kwa anayekunywa, na siki ya tufaha inayosifiwa sana siku hizi, huishia hapohapo. Seli ikiishaishika asetili-KoA haijui tena kama ilitoka kwenye ugali au kwenye kitumbua.

Sasa itafanyiwa nini? Hilo linategemea jambo moja, kama seli ina shida ya nishati au haina.

Ukiwa unalima, unapanda mlima au hata unatembea kwenda shuleni, asetili-KoA inaunganishwa na oksaloaseti, yenye kaboni nne, inakuwa sitreti yenye kaboni sita. Sitreti inazungushwa hatua kwa hatua, kaboni mbili zinatoka kama kabonidioksidi, oksaloaseti inarudi, na nishati inavunwa. Huo ndio mzunguko wa Krebs. Hans Krebs aliufumbua mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, baada ya kuikimbia Ujerumani ya Hitler. Jarida la kwanza alilolipelekea makala hiyo lilimrudishia, akaichapisha kwingine. Huwa nawatajia wanafunzi wangu habari hiyo siku wanaporudishiwa karatasi zao.

Lakini ukiwa umekaa, umekunywa chai yenye vijiko vitatu, na nishati imeshajaa tele? Mzunguko unapunguza mwendo. ATP, yaani nishati iliyo tayari kutumika, ikizidi, vimeng'enya vya hatua zinazofuata baada ya sitreti vinazuiwa. Sitreti inaanza kurundikana. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako.

Mitokondria ina utando wa nje na utando wa ndani. Wa ndani ni mkali sana. Asetili-KoA haiwezi kuupita, kwa sababu mbebaji wake ni mkubwa, ana chaji za umeme, na hakuna njia iliyowekwa kwa ajili yake. Kiwanda cha kutengeneza mafuta nacho kiko nje, kwenye majimaji ya seli. Mzigo uko ndani, kiwanda kiko nje, katikati kuna ukuta. Seli inafanyaje? Inautoa mzigo ukiwa umevaa jina jingine. Sitreti, tofauti na asetili-KoA, ina mlango wake: protini maalumu inaitoa nje na kuingiza maleti badala yake. Ikishafika nje, kimeng'enya kinachotumia ATP kinaikata, na asetili-KoA inazaliwa upya, safari hii ikiwa upande wa kiwanda. Oksaloaseti iliyobaki haitupwi. Inageuzwa maleti, kisha pairuveti, inarudi ndani, na njiani inaacha NADPH, kitu ambacho kiwanda cha mafuta hakiwezi kufanya kazi bila hicho. Nimefundisha njia hii miaka mingi na bado inanifurahisha: gari linalotoa mzigo ndilo linaloleta na kuni.

Ikiwa nje, asetili-KoA inaongezewa kaboni moja na kuwa malonili-KoA, na kutoka hapo kaboni zinaunganishwa mbili mbili hadi ipatikane asidi ya mafuta ya kaboni 16. Asidi tatu kama hizo zikifungwa kwenye gliseroli moja, tunapata trigliseraidi, zile zilizosoma 3.1 kwenye karatasi yako wakati inatakiwa ziwe chini ya 1.7. Nyingine zinabaki ndani ya ini kama vitone, na hizo ndizo altrasaundi iliziona.

Huenda ukataka kuziona kwa macho. Kwenye maabara, damu ikizungushwa kwenye mashine, chembe zinatulia chini na juu kunabaki majimaji ya rangi ya njano hafifu, ukiyashika juu ya gazeti unasoma maandishi. Ya mtu mwenye trigliseraidi zilizopanda sana huwa na ukungu, na zikipita kiasi kabisa yanakuwa meupe kama tui la nazi la kwanza. Nimewahi kushika chupa ya namna hiyo, na fundi wa maabara akaniuliza kwa utani kama niongeze mchicha. Mwenye damu ile alikuwa mtu wa soda, hakuwa mtu wa nyama choma.

Turudi kwenye mlango wa jirani yako. Mafuta yanayokwenda kuchomwa nayo lazima yaingie mitokondria, na asidi ndefu za mafuta hazipiti utando wa ndani zikiwa zimebebwa na koenzaimu A. Zinamshuka mbebaji huyo na kumpanda mwingine, kanitini. Kwenye utando wa nje kuna kimeng'enya kinachofanya uhamisho huo, tukiite bawabu. Asidi ya mafuta inavuka na kanitini, ndani inarudishwa kwa koenzaimu A, na kanitini inatoka kuchukua nyingine. Kanitini haitumiki ikaisha. Inakwenda na kurudi kama kivuko cha Kigamboni.

Nani anamfunga mikono bawabu? Malonili-KoA, ileile inayozaliwa kiwanda cha mafuta kinapofanya kazi. Denis McGarry na Daniel Foster walilionyesha hilo huko Dallas mwaka 1977. Mantiki yake iko wazi: haina maana seli itengeneze mafuta upande huu na kuyachoma upande ule kwa wakati mmoja. Sukari ikifurika, malonili-KoA inapanda, uchomaji wa mafuta unasimama. Sukari ikipungua, malonili-KoA inashuka na bawabu anafungua, bila kidonge. Kwa hiyo milango yako ya mitokondria, ikiwa imefungwa, imefungwa na chai na soda. Kuongeza kanitini hapo ni kuongeza makuli bandarini wakati lango limefungwa na mwenye bandari.

Isitoshe, mwili wako unajitengenezea kanitini, kwenye ini na figo, kutoka asidi amino mbili, na nyama, maziwa na samaki zinaongezea. Wapo wanaoihitaji kweli: watoto waliozaliwa na hitilafu ya kuihifadhi, baadhi ya wanaosafishwa damu kwa mashine, na baadhi ya wanaotumia valproeti kwa ajili ya kifafa. Hao huandikiwa na daktari baada ya kupimwa. Kwa watu wengine, majaribio ya kupunguza uzito kwa kanitini yameonyesha tofauti ndogo, wastani wa kama kilo moja. Sitakuambia ni sumu, si sumu kwa kiwango cha kawaida, ingawa inaweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na harufu ya samaki mwilini. Ninachokuambia ni kwamba haigusi ugonjwa wako. Na kama kwenye chupa hiyo kuna mchanganyiko wa majani na vitu visivyoandikwa vizuri, sababu ya kuiogopa inaongezeka, kwa kuwa ini lililochoka ndilo litakalobebeshwa kazi ya kuvichambua.

Sasa nikwambie jambo linalopunguza makali ya maelezo yangu mwenyewe, maana umesema nisikufiche. Mafuta ya ini hayatoki yote kwenye ugali na sukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofuatilia asili ya mafuta kwa watu wenye ini la mafuta, ulikuta asilimia 59 hivi yalitoka kwenye akiba ya mwili, yaani kitambi na mafuta ya chini ya ngozi, asilimia 26 yalitengenezwa upya kwenye ini kutoka wanga na sukari, na 15 yalitoka moja kwa moja kwenye chakula chenye mafuta. Kwa mtu mwenye afya, ile sehemu ya kutengenezwa upya huwa ndogo sana, chini ya asilimia 5 kwa kawaida. Maana yake ni kwamba mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, yaani hauisikii vizuri tena homoni hiyo ya kushusha sukari, mambo mawili hutokea pamoja. Akiba ya mafuta inavuja usiku na mchana kuelekea kwenye ini, na ini, ambalo linaendelea kuisikia insulini upande wa kutengeneza mafuta, linazidisha uzalishaji. Sukari yako ya 6.4 inanionyesha kwamba uko njiani kuelekea huko. Bado haijafika 7.0 ya kisukari, lakini si ya kawaida.

Kwa hiyo ugali usiutupie lawama zote. Mkulima wa Kilosa anakula bonge kubwa kuliko lako na ini lake halina shida, kwa kuwa asetili-KoA yake ina kazi inayoingoja. Kwanza glukosi yako ilitakiwa kujaza akiba ya glikojeni, yaani glukosi iliyofungwa pamoja, kama gramu 100 kwenye ini na 400 hivi kwenye misuli. Misuli isiyotumika imeshajaa. Kinachofuata hakina pa kwenda isipokuwa kwenye njia ya sitreti.

Nataka tuhesabu pamoja kitu kimoja. Vikombe vitano, vijiko vitatu kila kimoja, ni vijiko 15. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hadi 5, na vya kwetu huwa vimejaa mlima, tuseme 5. Hizo ni gramu 75. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 40. Jumla unakunywa gramu 110 za sukari kwa siku kabla hujatia tonge mdomoni. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikiwezekana 25. Umezidisha mara mbili, na umefanya hivyo ukijihesabu kuwa mtu mwenye kujinyima.

Sukari hii ni mbaya kwa ini kuliko ugali wenyewe, gramu kwa gramu. Nusu yake ni fruktosi. Glukosi inagawanwa na mwili mzima, tena kwenye njia yake kuna kizuizi kinachopunguza mwendo seli ikishiba. Fruktosi kwa sehemu kubwa inashughulikiwa na ini, na inaingia ikiwa imeshakipita kizuizi hicho. Inashuka moja kwa moja kuelekea pairuveti na asetili-KoA, seli iwe na shida ama isiwe nayo. Tunda zima halina tatizo hilo kwa kiwango kile, kwa kuwa nyuzinyuzi zinachelewesha na huwezi kula machungwa manane kwa dakika tatu. Yakiwa juisi unaweza kuyamaliza.

Kuhusu atorvastatini: usiiache kwa ushauri wa jirani. Asetili-KoA ikitoka nje kwa njia ya sitreti, si mafuta tu yanayotengenezwa. Kolesteroli nayo inaanzia hapo. Tatu zikiungana tunapata kitu kinachoitwa HMG-KoA, na statini, kundi la dawa ambamo atorvastatini imo, zinaziba kimeng'enya kinachofuata. Ipo pia dawa mpya kidogo, asidi ya bempedoiki, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, inayoziba hatua ya nyuma zaidi, kile kimeng'enya kinachoikata sitreti. Ini lenye mafuta na ALT ya 58 si sababu ya kuacha statini. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi vimeng'enya vikipita mara tatu ya kiwango cha juu. Watu wenye ini la mafuta mara nyingi huuawa na moyo kabla ya ini, na moyo ndio unaolindwa na dawa hiyo. Kama misuli inauma au mkojo umekuwa mweusi baada ya kuianza, hayo mpelekee aliyekuandikia.

Sasa Ramadhani. Mafuta hayageuki sukari, mwalimu, na sababu yake iko kwenye kile kisu nilichokutajia mwanzoni. Kimeng'enya kinachoikata pairuveti kuwa asetili-KoA hakirudi nyuma. Na asetili-KoA ikiingia kwenye mzunguko, kaboni mbili zinaingia na kaboni mbili zinatoka kama kabonidioksidi. Hakuna kinachobaki cha kujengea glukosi. Mimea imejaliwa njia ya mkato ambayo sisi hatuna. Mbegu ya mnyonyo ikiota gizani ardhini inageuza mafuta yake kuwa sukari na kujengea mche. Sisi tunachoweza kugeuza ni ile gliseroli iliyofunga mafuta, ambayo ni kidogo, na protini.

Unapofunga saa 13 au 14, kama ilivyo kwetu karibu na ikweta, insulini inashuka, malonili-KoA inashuka, bawabu anafungua, na mafuta yanamiminika kwenye mitokondria za ini. Asetili-KoA inakuwa nyingi. Oksaloaseti nayo inavutwa kwenda kutengeneza glukosi kwa ajili ya ubongo, kwa hiyo ya kuipokea haitoshi. Asetili-KoA nayo haiwezi kupita utando, hilo tumeshaona. Ini linafanya nini? Linaziunganisha na kutengeneza ketoni, kwa kupitia HMG-KoA ileile ya kolesteroli, ila hii inatengenezwa ndani ya mitokondria na ile ya kolesteroli nje. Ketoni ni ndogo, zinayeyuka kwenye maji, zinapita kila ukuta. Moyo, misuli na ubongo vinazipokea na kuzirudisha kuwa asetili-KoA kwenye mitokondria zao. Ini lenyewe halina kimeng'enya cha kuzitumia, linapika na kugawa tu. Mtu akikaa na njaa wiki kadhaa, ubongo unaweza kupata sehemu kubwa ya nishati yake, karibu theluthi mbili, kutoka kwenye ketoni.

Ketoni mojawapo huvunjika yenyewe kuwa asetoni, inayonukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha au tunda lililoiva kupita kiasi. Kwa hiyo harufu ya aina hiyo, hafifu, jioni ya Ramadhani, inaweza kuwa alama kwamba mafuta yanachomwa. Lakini mara nyingi harufu ya mfungaji inatokana na mdomo kukauka na bakteria kupata nafasi. Usiipime afya yako kwa harufu. Na futari ya tambi za sukari, kaimati na juisi ya glasi tatu inafunga mlango uleule uliofunguliwa mchana kutwa.

Hapo hapo nitoe tahadhari kwa wanaosoma na wana kisukari. Ketoni za kufunga ni kidogo na insulini inazidhibiti. Insulini isipokuwepo ya kutosha, hakuna wa kuzizuia, na damu inageuka tindikali. Mwenye kisukari akiwa na kiu isiyoisha, kukojoa sana, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kina na harufu ya asetoni, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Wanaotumia dawa ambazo majina yake huishia na "gliflozini" wajue kwamba hali hii inaweza kuwapata hata sukari ikisoma karibu na kawaida. Hao wasifunge kabla ya kuongea na daktari wao.

Nimebakiza la kufanya. Kuna watu walitarajia kwamba ukiziba kimeng'enya kinachotengeneza malonili-KoA basi kazi imekwisha. Dawa za namna hiyo zimejaribiwa kwa binadamu: mafuta ya ini yalipungua kweli, lakini trigliseraidi za damu zikapanda. Ndiyo maana sina haraka na mtu anayesema ana kidonge cha kufungua au kufunga mlango mmoja.

Ninachokiamini kwa hali yako ni kuanza na vinywaji, kabla ya kugusa ugali. Ondoa soda. Chai shuka kijiko kimoja kila wiki mbili; ukishuka ghafla utarudi, nimewaona wengi. Tangawizi, mdalasini na iliki vinasaidia ulimi usijione umeonewa. Kisha bonge la ugali na sahani ya wali vipungue kwa theluthi, nafasi ijazwe maharage, mchicha, matembele, dagaa. Mafuta ya kupikia usiyaogope kiasi hicho. Kijiko cha alizeti kwenye mboga hakikuwa tatizo lako kamwe. Na tembea kwa kasi ya kukutoa jasho, nusu saa, siku tano kwa wiki. Misuli iliyomaliza glikojeni yake inaifyonza glukosi kabla haijafika kwenye kiwanda cha ini, na hilo linafanya kazi hata kabla mzani haujasogea.

Mzani nao una maana. Kwa kilo 91, kupungua kilo 4 na nusu, yaani asilimia 5, kwa kawaida kunapunguza mafuta ya ini. Kilo 6 hadi 9 ndizo zinazotuliza uvimbe wa ini kama upo. Usifanye kwa mwezi mmoja, kukonda kwa kasi sana kunaweza kulisumbua ini na kuleta mawe kwenye nyongo. Nusu kilo kwa wiki inatosha.

Je, ini lako limeshaanza kuwa na makovu? Namba ulizoniandikia zinaturuhusu kukisia. Kuna hesabu iitwayo FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Kwako ni 44 mara 41, ambayo ni 1,804, gawanya kwa 240 mara 7.6. Jibu ni 0.99. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ni kisio tu, lakini ni kisio zuri, na ndiyo sababu nakuandikia bila kukukimbiza hospitali kesho asubuhi.

Hata hivyo rudi kwa daktari wako, na usirudi kwa altrasaundi peke yake, maana kipimo hicho huona mafuta yakiwa mengi na hakioni makovu ya mwanzo. Mwombe HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa sababu ya ile 6.4, apime shinikizo la damu, na arudie trigliseraidi na vimeng'enya vya ini baada ya miezi mitatu hadi sita. Maumivu ya tumbo yaliyokupeleka kupimwa nayo usiyasahau; ini la mafuta kwa kawaida haliumi, au huleta uzito kidogo tu upande wa kulia, kwa hiyo kama bado yapo yanahitaji kutafutiwa sababu nyingine. Ukiona macho ya njano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami au kuchanganyikiwa, hiyo si habari ya kuandikia barua, ni ya kwenda siku hiyohiyo.

Zile 85,000 ziweke pembeni. Vipimo vya mwezi wa tatu vitazihitaji, na jirani mwambie umeshaufungua mlango kwa kuacha soda.